Wageni katika Bara Hindi na Desturi Zipasazo Kujulikana

Siku hizi si ajabu kusikia kwamba fulani amekwenda Bara Hindi. Zamani waliokwenda huko kutoka pande zetu walikuwa mabaharia wa majahazi, wakingoja kusi iwapeleke na kaskazi iwarudishe; na baadaye askari wa K.A.R., ambao baadhi yao walipita huko katika vita vya mwaka 1939 hata 1945. Sasa waendao ni wagonjwa, wanafunzi na wafanya biashara. Mgonjwa wa moyo au wa figo huuza ng'ombe na shamba, jamaa zake huchangishana, kisha yeye na ndugu mmoja wa kumwuguza hupanda ndege kwenda Chennai, au Delhi, au Mumbai, au Hyderabad. Fedha yote imekwisha kwa nauli na daktari, wala hakuna aliyewaeleza jinsi ya kukaa na watu watakaowakuta. Kwa hiyo twaona yafaa tueleze.

Kwanza ijulikane kwamba Bara Hindi si nchi ya kabila moja. Watu wake wapita milioni 1,400, na katiba yao imetaja lugha 22. Desturi ya Punjab si ya Tamil Nadu, wala ya Mwislamu wa Hyderabad si ya Mjaini wa Gujarat. Mtu aliyekaa mwezi mmoja katika mtaa mmoja, akarudi akasema, “Wahindi hufanya hivi,” hana tofauti na mgeni aliyelala usiku mmoja Tanga akaandika habari za Afrika yote. Walakini liko jambo moja lionekanalo karibu kila upande wa nchi ile, na mtu akilifahamu hilo, mengi yaliyomshangaza humfungukia. Jambo hilo ni usafi na unajisi. Hatusemi usafi wa sabuni. Twasema ule ambao wasomaji wetu wameusoma katika Torati, au wameufunzwa chuoni na mwalimu wa Kurani: kwamba kitu chaweza kuoshwa kikang'aa, na bado kikawa najisi.

Wageni wa zamani waliliona jambo hili mapema. Yapata mwaka 1030, mtaalamu mmoja jina lake Al-Biruni aliandika kitabu kikubwa juu ya nchi ile. Alilalamika kwamba watu wa huko humhesabu mgeni kuwa najisi, hawaketi naye wala hawali naye wala hawanywi naye. Lakini hakuishia katika kulalamika. Alijifunza Kisanskriti, lugha ya vitabu vyao vya dini na elimu, akakiri kwamba kuwadharau wageni si tabia ya watu wale peke yao, bali mataifa yote wanayo. Miaka mia tatu baadaye alifika Ibn Battuta, ambaye mwaka 1331 alikuwa amepita Mogadishu, Mombasa na Kilwa. Aliingia Bara Hindi mwaka 1333, na Sultani Muhammad bin Tughluq akamfanya kadhi wa Delhi. Huko Mogadishu alikuwa amekaribishwa kwa tambuu na popoo. Na Bara Hindi alikuta tambuu vilevile ni heshima kubwa apewayo mgeni. Mtu wa pwani yetu akifika huko leo hatahitaji kufundishwa maana ya tambuu.

Sasa tueleze mambo ya chakula, maana ndiko wageni wanakokosea kila siku. Katika Kihindi liko neno “jutha”. Maana yake ni chakula au kinywaji kilichokwisha guswa na mdomo wa mtu, au na mkono uliotoka mdomoni. Kitu kikiisha kuwa jutha hakifai kupewa mwingine, hata kama kimebaki kizima. Mgeni aliyeuma embe, akaliona tamu, akampa mwenyeji aonje, amefanya wema kwa desturi ya kwao. Mwenyeji ataona haya asijue la kusema. Kadhalika mtu akichovya kijiko katika sufuria, akaonja, akakirudisha, chakula chote kimeharibika. Twajua kwamba mume na mke, au mama na mtoto, hula pamoja bila shida. Na vijana wa mijini wengi hawajali tena. Lakini mgeni hawezi kujua amekaa na nani, basi ni afadhali ashike sheria.

Kwa sababu ya jutha utaona watu wakinywa maji kwa kuinua chombo juu na kuyamimina kinywani, mdomo usiguse. Ni kazi ngumu kuliko ionekanavyo, na mgeni wa siku ya kwanza hulowesha shati lake. Kwa sababu hiyohiyo, huko Kolkata na katika stesheni nyingine za reli, chai huuzwa katika vikombe vidogo vya udongo, na mnywaji akimaliza hukitupa kikavunjika. Wazungu wengi wamestaajabu kuona kikombe kizima kikivunjwa. Lakini kwa mwenyeji, kikombe ambacho hakuna mdomo uliokitangulia ndicho safi. Na huko kusini chakula hupakuliwa juu ya jani la mgomba, nalo jani hutupwa baada ya kula.

Habari ya mkono wa kuume hatuna haja ya kuirefusha. Mtu wetu anajua kwamba mkono wa kushoto una kazi yake msalani, hauli wala haupokei zawadi. Katika jambo hili Mwafrika humshinda Mzungu mbali, kwa kuwa Mzungu huanza kujifunza kula kwa mkono akiwa mtu mzima. Ila aangalie jambo moja: katika nyumba nyingi za kaskazini, mchuzi hautakiwi kupita vidole na kufika kiganjani. Kusini hawachungi sana.

Nyama ni jambo lingine. Wahindu wengi hawali nyama kabisa, na Wajaini hawali hata vitunguu wala viazi, kwa kuwa ving'olewapo ardhini huua mmea na wadudu. Vyakula vya dukani huwekwa alama: ya kijani ni chakula kisicho na nyama, ya rangi ya kahawia ni chenye nyama. Katika majimbo mengi sheria inakataza kuchinja ng'ombe, basi mtu asitie nyama ya ng'ombe katika mizigo yake. Wako pia wenye nyumba wasiompangisha mtu alaye nyama, na mwanafunzi hukataliwa chumba asijue sababu, akadhani ni rangi yake. Pengine ni rangi kweli. Pengine ni samaki. Kuuliza kwa upole kabla ya kulipa hupunguza ugomvi.

Kama mdomo una unajisi wake, mguu nao unao. Viatu huachwa mlangoni, katika hekalu na katika nyumba za watu, na hata baadhi ya maduka na vyumba vya madaktari. Mtu hanyoshi miguu kumwelekea mzee au sanamu ya ibada. Na mguu ukigusa mtu mwingine kwa bahati mbaya, yule mwenye mguu humgusa kwa vidole, kisha huvipeleka vidole kwenye kipaji chake mwenyewe, ndiyo kuomba radhi. Walimu watapenda kusikia kwamba hufanya hivyo hata mguu ukigusa kitabu, kwa kuwa kwa Wahindu elimu ina mungu wake wa kike, Saraswati, na kukanyaga kitabu ni kumkanyaga yeye. Kwa upande mwingine, kijana amwamkiapo mzee huinama akaigusa miguu yake. Mguu ambao kwa mwenzako ni dharau, kwa mzee ni heshima, maana mdogo anajishusha chini ya kilicho chini kabisa cha mkubwa wake.

Lakini tusiyasifu mambo haya kupita kiasi. Fikira hii ya unajisi ndiyo iliyowafanya watu wengine kuwa najisi tangu kuzaliwa kwao, wasiruhusiwe kuchota maji kisimani pamoja na wengine. Bwana B. R. Ambedkar, aliyezaliwa mwaka 1891, alikuwa mmoja wao. Alipokuwa shuleni hakuruhusiwa kugusa chombo cha maji; ilimpasa mtumishi ammiminie kutoka juu, na mtumishi asipokuwapo alishinda na kiu. Tena kumimina kulekule tulikoeleza, lakini hapa kumegeuka adhabu ya mtoto. Mwaka 1927 aliwaongoza maelfu ya watu mjini Mahad kwenda kunywa maji ya ziwa la mji ambalo walikuwa wamezuiliwa. Nchi ilipopata uhuru mwaka 1947, yeye aliwekwa kuwa mwenyekiti wa kamati iliyoandika katiba, na katiba hiyo, iliyoanza kazi tarehe 26 Januari 1950, ilipiga marufuku desturi ile. Sheria imekwisha kuwapo. Mioyo ya watu haifuati upesi kama karatasi. Mgeni akiona mfanyakazi wa nyumba anawekewa kikombe cha peke yake, ajue anachokiona.

Wala tusiwafiche wasomaji kwamba mtu mweusi huweza kupata taabu huko hata akizijua desturi zote. Tarehe 31 Januari 2016, mjini Bengaluru, gari la Msudani mmoja lilimgonga mwanamke wa mji, akafa. Mwanafunzi mwanamke wa Kitanzania aliyepita hapo baadaye, asiyehusika kwa lolote, alishikwa na kundi la watu akapigwa, na gari alimokuwa likachomwa moto. Mwezi Machi mwaka 2017 wanafunzi wa Nigeria walipigwa huko Greater Noida, karibu na Delhi. Polisi walikamata watu katika mambo yote mawili, na magazeti ya huko yenyewe yaliandika kwa aibu. Hatusemi haya ili kuwatisha wasafiri, kwani maelfu huenda na kurudi salama. Twasema kwa sababu mwenye kwenda hana budi kuwa na anwani na namba ya ubalozi wake mfukoni, na akiona kundi la watu wamekusanyika njiani kwa hasira, asisogee kutazama.

Sasa jambo dogo lenye kuleta kosa kubwa. Mwenyeji akisikiliza maneno yako hutikisa kichwa huku na huku, kikilala bega hili na bega lile. Mgeni hudhani amekataliwa. La, maana yake ni “ndiyo,” au “nasikia,” au “haya, endelea.” Wako waliouliza njia, wakaona kichwa kinatikiswa, wakaondoka kwa hasira, kumbe waliambiwa wamekwisha fika. Nalo neno “ndiyo” lenyewe laweza kusemwa kwa adabu tu, kwa kuwa ni vibaya kumwambia mgeni “sijui”. Basi mtu asiulize, “Stesheni iko huku?” bali aulize, “Stesheni iko wapi?” na aulize watu wawili.

Katika treni, ambazo zilianza kubeba abiria mwaka 1853 kutoka Bombay hata Thane, jirani yako atakuuliza watoka wapi, umeoa, una watoto wangapi, na mshahara wako ni kiasi gani. Mzungu hukasirika kwa maswali hayo. Sisi twaona ni maamkio, na kwa mshahara mtu aweza kucheka tu. Ukikaribishwa chakula cha safari, pokea kidogo ikiwa wamwona mwenyewe anakula chombo kilekile. Maji yasiyochemshwa usinywe; chai huchemshwa pamoja na maziwa, nayo haina hatari.

Kwa lugha, maneno kama gari, chapati, dobi, bima na laki tunayo tayari, tuliyapata kwao. Lakini mgonjwa aendaye Chennai, au Vellore kwenye hospitali ya misheni ambayo Daktari Ida Scudder aliianza mwaka 1900, asijisumbue na Kihindi: huko husemwa Kitamil, na watu wengine huchukia kusemeshwa Kihindi. Kiingereza kitamfikisha mbali zaidi. “Vanakkam” ni maamkio yao, kama “namaste” ilivyo kaskazini.

Hesabu za fedha nazo zina mtego. Baba zetu walitumia rupia ya huko huku Afrika ya Mashariki hata mwaka 1920, ila namna yao ya kuandika hesabu hatukuichukua. Hati ya hospitali iliyoandikwa 3,50,000 haikukosewa: ni laki tatu na nusu, kwa maana koma huwekwa penye laki. Laki mia moja ni karori moja. Ndugu anayelipa asome tarakimu moja moja mbele ya karani, na asitie sahihi kabla hajafahamu.

Mwisho, nguo na saa. Delhi mwezi wa Desemba na Januari ni baridi yenye ukungu, na mgonjwa aliyekwenda na shati moja la pamba ataugua ugonjwa wa pili. Lakini mwezi wa Mei joto lake hupita la pwani yetu. Saa ya Bara Hindi nayo imetangulia yetu kwa saa mbili na nusu, na ile nusu ndiyo isahauliwayo. Jamaa huku akipiga simu saa tatu za usiku, kule ni saa tano na nusu, mgonjwa amekwisha lala, na ndugu yake aliyelala kitini kando ya kitanda ndiye atakayeamka kuipokea.