JE, WAJUA? Sarafu ndani ya sauti ya Brian May

Je, wajua kwamba Brian May, mpiga gitaa wa Queen, bendi ya Freddie Mercury mzaliwa wa Unguja, hatumii kipande cha plastiki kupigia nyuzi? Hushika sarafu ya zamani ya Uingereza, ya peni sita. Plastiki hujipinda, sarafu haijipindi, kwa hiyo vidole huhisi kila mtikisiko wa uzi. Meno ya ukingoni mwake nayo hukwaruza, na mkwaruzo huo husikika noti inapoanza.

Gitaa lenyewe hakulinunua. Alianza kulitengeneza nyumbani mwaka 1963, akiwa na miaka 16, yeye na baba yake Harold. Shingo waliichonga kutoka mbao ya meko kuukuu, springi zilitoka kwenye pikipiki, na alama za shingoni ni vifungo vya lulu kutoka kikapu cha mama cha kushonea. Ajabu tupu! Gitaa hilo ndilo alilopiga juu ya paa la Kasri la Buckingham mwaka 2002.

Anayetaka kumwiga huanza na amplifaya ya Vox AC30, sauti ikifunguliwa hadi mwisho, kisha hupunguza ukali kwa kitufe cha gitaa lenyewe. Nywele ndefu za mawimbi na viatu vyeupe vya jukwaani hupatikana kirahisi. Kinachochukua miaka ni mkono wa kushoto, ule unaoutikisa uzi taratibu mpaka noti ilie kama mtu.