Kocha Aliyeagiza Wapinzani Waachiwe Bao

Akina mama wenzetu, wengi wetu tunaujua mpira kwa kelele za sebuleni tu: baba na vijana wanaruka, nasi tunauliza nani kafunga. Lakini watoto wetu hawaangalii mabao peke yake. Wanamwona mchezaji anayejiangusha ili mwamuzi adanganyike, na wanamwona kocha anayempongeza au kumkemea. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Je, kocha anaweza kuwafundisha tabia njema watu wazima wanaolipwa fedha nyingi ili washinde?

Tuangalie mfano mmoja. Tarehe 28 Aprili 2019, Leeds United ya Uingereza iliikaribisha Aston Villa. Leeds ilikuwa ikiwania kurudi Ligi Kuu, ambako ilishuka mwaka 2004. Dakika ya 72 mchezaji mmoja wa Villa alikuwa chini, ameumia. Wenzake walidhani mpira utatolewa nje, kama ilivyo desturi. Leeds wakaendelea, Mateusz Klich akafunga.

Zikazuka vurugu. Patrick Bamford wa Leeds alianguka kana kwamba amepigwa usoni, na mchezaji wa Villa akaonyeshwa kadi nyekundu. Baadaye kadi hiyo ilifutwa, na Bamford akafungiwa mechi mbili kwa kumdanganya mwamuzi.

Bao lenyewe lilikuwa halali, na hakuna sheria iliyomlazimisha kocha wa Leeds, Marcelo Bielsa wa Argentina, kufanya lolote. Hata hivyo aliwaamuru wachezaji wake wawaache Villa wafunge. Albert Adomah akaenda na mpira hadi langoni. Beki Pontus Jansson alijaribu kumzuia, lakini wengine walitii. Mechi ikaisha 1-1.

Wema una gharama

Sare hiyo iliihakikishia Sheffield United nafasi ya kupanda. Leeds ikaenda kwenye mechi za mchujo, ikatolewa na Derby County. Mwaka huo huo FIFA iliwapa Bielsa na timu yake tuzo ya mchezo wa kiungwana, lakini Ligi Kuu waliisubiri hadi 2020, walipopanda wakiwa mabingwa.

Tusidhani Bielsa ni malaika. Januari 2019 mtu wake alikutwa akichungulia mazoezi ya Derby. Kocha hakumtupia lawama mdogo wake wa kazi. Alikubali kwamba ni yeye aliyemtuma, tena akaeleza kwamba walichungulia timu zote walizocheza nazo msimu ule. Klabu ilitozwa faini ya pauni 200,000, naye akasema ameilipa mwenyewe.

Nyumbani kwetu

Sisi nasi ni makocha. Tukimwambia mtoto asiseme uongo, kisha mwenye deni akabisha hodi tukamtuma aseme mama hayupo, atashika lipi? Mtoto akirudi na chenji iliyozidi, je, tunamrudisha dukani, au tunasema leo tumepata bahati? Naye akinung'unika njiani kama Jansson, tusikasirike sana. Muhimu ni kwamba amekwenda.

Basi, mpira ukiisha, tusiulize matokeo tu. Tuwaulize vijana: leo nani amecheza kwa haki, na kocha wake amefanya nini? Tusikilize wanavyojibu. Hapo tutajua wanamfuata kocha wa namna gani.