Maleba Si Mapambo Tu: Mfano wa Waluo

Wanafunzi wengi wakiulizwa maleba ni nini huandika, "Ni mavazi ya waigizaji," kisha wanahamia swali linalofuata. Jibu hilo si kosa, ila ni nusu ya jibu. Maleba ni mavazi na vitu vingine ambavyo mtendaji huvaa, hujifunga au hujipaka ili kufanikisha utendaji wake. Pigia mstari neno kufanikisha. Ukitaja njuga bila kusema zinafanya kazi gani, umemwachia mtahini orodha ya vitu.

Tuanze na mpigaji wa nyatiti, kwa kuwa mfano wake haukupi nafasi ya kukosea. Hukaa kwenye kigoda kifupi, na mbele yake huwa ala yenye nyuzi nane. Mguuni amefunga gara, yaani njuga za chuma, na kwenye kidole gumba cha mguu huo amevaa pete nzito ya chuma iitwayo oduong'o. Vidole vya mikono vinapocheza na nyuzi, mguu hutikisa gara, na ile pete hugonga ubao wa nyatiti. Mvue vitu hivyo viwili uone: wimbo umebaki, mapigo yametoweka. Hapa vazi ni ala ya muziki.

Sasa tazama taji la manyoya ya mbuni walilovaa wanaume wa Kiluo zamani, mara nyingine likiwa na meno ya kiboko. Kiboko ni mnyama wa ziwani, lakini mbuni ni ndege wa nyika kavu. Hapatikani Dunga wala Usoma. Kwa hiyo manyoya yenyewe yalikuwa yametoka mbali, na aliyeyavaa alitambulika kwa hadhi yake kabla hajafungua kinywa. Zingatia kwamba maleba hueleza hadhi ya mvaaji kupitia kitu yalichotengenezewa, si kwa umbo na rangi pekee.

Mfano mzito zaidi ni tero buru, maana yake kupeleka vumbi. Mzee wa boma anapofariki, wanaume hukusanya ng'ombe, huchukua mikuki na ngao, hujifunga majani na matawi, na hukimbia kwa vishindo na nyimbo hadi nje ya boma kama watu walio vitani. Adui ni kifo chenyewe, wanakifukuza kisirudi. Majani hayo hayakununuliwa wala kushonwa. Yalikatwa siku hiyohiyo na yatanyauka kabla ya jioni, lakini kwa saa hizo chache yamemgeuza mkulima au mvuvi kuwa askari. Mtu ambaye jana alikuwa akipalilia mtama leo ana ruhusa ya kupiga mayowe, kulia na kutisha mbele ya watu wote. Bila maleba, angeonekana amerukwa na akili.

Hapo ndipo linapozuka swali ambalo watahini hulipenda. Kikundi cha shule kikijifunga majani na kuigiza tero buru kwenye tamasha la muziki, je, hiyo bado ni miviga? La. Hakuna aliyekufa, waliohudhuria si wafiwa, na baada ya dakika chache mwamuzi atatoa alama. Yaliyo jukwaani ni maigizo yaliyoazima maleba ya miviga. Ukitofautisha hivyo kwa sababu, jibu lako litapanda juu ya majibu mengi.

Na maleba yenyewe hubadilika. Sheria ya wanyamapori ya 2013 hairuhusu mtu kumiliki sehemu za wanyama wa porini bila kibali, hivyo vikundi vya leo hutumia katani, magunia, manyoya ya kuku na hata vizibo vya soda badala ya njuga. Usikimbilie kuandika kwamba utamaduni umekufa. Nchini Trinidad, katika visiwa vya Karibea, watu waliotolewa utumwani miaka ya 1830 waliifanya kanivali kuwa yao, wakajishonea mavazi ya kuwakejeli mabibi wa mashamba. Siku hizi sehemu kubwa ya mavazi ya kanivali hiyo huagizwa kutoka viwandani ng'ambo, na wazee huko wanalalamika. Malalamiko yao yana msingi: anayenunua vazi hulivaa, ila hajui kulitengeneza. Kizibo cha soda kilichotobolewa kwa msumari na mwanafunzi mwenyewe, kwa maoni yangu, kiko karibu zaidi na gara kuliko njuga ya plastiki ya dukani.

Ikiwa unaishi Mamboleo, utafiti wako wa nyanjani uko karibu. Vikundi vya ngoma hualikwa kwenye sherehe za hapa mjini. Subiri ngoma iishe, umwamkie mzee wa kikundi kwa adabu, umuulize ni nani aliyemfungia gara mara ya kwanza. Kisha nenda Makumbusho ya Kisumu ukatazame boma la Kiluo na mapambo yaliyohifadhiwa hapo. Andika vitu vitatu kwa kila leba: limetengenezwa kwa nini, huvaliwa lini, na lisipokuwepo utendaji unapungukiwa na nini. Kwa mzee anza mapema. Makumbusho yatakusubiri hata mwakani.

Zoezi: "Vazi ni nusu ya utendaji." Thibitisha kauli hii ukirejelea miviga ya jamii yoyote uliyoishuhudia. (alama 10)