Kupima Utawanyiko wa Mji

Sensa ya mwaka 1967 ilihesabu watu 272,821 katika mji wa Dar es Salaam. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa mzima. Hesabu hizo zatueleza kwamba mji umekua, lakini hazituelezi umekuaje. Na mhandisi wa maji hasa ndilo analotaka kujua, kwani bomba hulazwa mahali, halilazwi katika jumla ya watu.

Chombo kimoja cha kumsaidia kilitoka upande usiotarajiwa. Mwaka 1948 Claude Shannon, mwanahisabati wa Marekani aliyefanya kazi katika maabara ya simu, alionyesha kwamba habari yaweza kupimwa. Kipimo chake, entropia, twaweza kukieleza hivi: ni maswali mangapi ya ndiyo au la, kwa wastani, yatatosha kufichua jambo lisilojulikana?

Dar es Salaam ilikua kama vidole, ikizifuata barabara nne: ya Bagamoyo, ya Morogoro, ya Pugu (ambayo sasa ni ya Nyerere) na ya Kilwa. Na tuseme, kwa mfano tu, kwamba nusu ya watu wakaa kando ya barabara ya Morogoro, robo ya Bagamoyo, na thumuni katika kila moja ya zile mbili zilizosalia. Wataka kujua mkazi fulani akaa wapi? Anza kuulizia Morogoro. Nusu ya wakazi utawapata kwa swali moja, robo kwa mawili, na robo ya mwisho kwa matatu. Wastani ni 1.75. Wakigawanyika sawasawa, wastani huwa 2. Wakikaa wote barabara moja, huna haja ya kuuliza.

Hivyo mji ukitawanyika, entropia hupanda, na kukisia nyumba ijayo itajengwa wapi huwa kugumu zaidi. Ndipo bomba, basi na shule hufika baada ya watu.

Kipimo hiki kina dosari, nami naiona kubwa. Wahamishe wakazi wote wa Morogoro kwenda Kilwa, na wa Kilwa kwenda Morogoro: entropia haitikisiki, ingawa mabomba yamebaki palepale. Ukubwa wa kanda pia hupotosha. Mwaka 1974 Michael Batty wa Uingereza alionyesha namna ya kuuingiza katika hesabu.

Mwalimu aweza kuanza na darasa lake, akiuliza kila mwanafunzi atoka kata ipi.