Je, Wajua? Wageni wa Michezo Hulala Majumbani
Katika Michezo ya JCC Maccabi, inayowakutanisha vijana wa Kiyahudi wakati wa likizo ndefu ya shule, wachezaji kwa desturi hawapelekwi hotelini. Hugawiwa familia za mji mwenyeji. Kijana aliyetoka Mexico au Israeli anakula chakula cha jioni na watu aliowajua jana tu, na asubuhi mwenye nyumba ndiye anayemfikisha uwanjani, mara nyingi pamoja na mwanawe wa rika lile lile.

Michezo hiyo ilianza mwaka 1982 mjini Memphis, Marekani. Soka, kuogelea na mpira wa kikapu vina mashabiki wake, lakini biashara inayochangamka ni ya beji: timu huja na zake, na vijana hubadilishana kwa ubishi kama wa sokoni. Sherehe za ufunguzi huwakumbuka pia Waisraeli 11 waliouawa katika Olimpiki ya Munich, 1972.

Kaka mkubwa wa michezo hii ni Maccabiah, iliyoanza Tel Aviv mwaka 1932. Mwaka 1965 Mmarekani wa miaka 15 alizoa huko dhahabu nne za kuogelea. Ndiye Mark Spitz. Miaka saba baadaye, kwenye Olimpiki hiyo hiyo ya Munich, akatwaa saba.