Kiswahili Ndani ya Kifurushi Chake

Ukiandika insha kwa LibreOffice kwenye Ubuntu, ile mistari myekundu chini ya maneno hailetwi na LibreOffice peke yake. Kazi hiyo hufanywa na Hunspell, maktaba ya kukagua tahajia inayotumiwa na programu nyingi kwa pamoja. Debian, ambayo ndiyo msingi wa Ubuntu, huiweka katika kifurushi chake chenye namba kwenye jina, libhunspell-1.7-0, ili toleo jipya lisiloafikiana na la zamani likija, yote mawili yakae bila kugombana. Maneno ya Kiswahili nayo yamo katika hunspell-sw. Utitiri wa vifurushi unachosha, kweli, lakini neno likisahihishwa humo tunasasisha kifurushi hicho kidogo tu, LibreOffice haiguswi.