Neno la Mtu ni Hati Yake: Desturi za Soko la Hisa la London

Mkulima apelekaye ng'ombe mnadani humweka mbele ya watu. Mnunuzi humtazama meno na kwato, hulipa fedha, kisha humswaga na kwenda zake. Lakini iko biashara ambayo bidhaa yake haishikiki wala haiswagwi, nayo ni biashara ya hisa, yaani mafungu ya mali ya makampuni. Katika soko la hisa la London biashara hiyo iliendeshwa kwa miaka mingi kwa maneno ya mdomo. Ndiyo sababu soko hilo lilikuwa na desturi ambazo mgeni angezicheka, lakini wenyewe waliziheshimu sana.

Asili ya soko hilo ni mkahawa. Yapata miaka 300 iliyopita madalali wa London walikuwa wakikutana katika mkahawa wa Jonathan, wakinywa kahawa na kupatana bei. Mwaka 1773 walipata nyumba yao wenyewe, na mwaka 1801 soko likapangwa rasmi kwa ajili ya wanachama peke yao. Hata hivyo watumishi wa soko waliendelea kuitwa wahudumu, kama wale waliowaandalia kahawa hapo kwanza.

Asiye mwanachama hakuruhusiwa kukanyaga ukumbini. Akionekana mgeni, mtu alipaza sauti, "Elfu moja na mia nne!" Husimuliwa ya kuwa hapo kale wanachama walidumu kuwa 1,399, basi wa 1,400 hakuwa mwenzao. Wanawake nao hawakukubaliwa kuwa wanachama hata mwaka 1973.

Sasa na tutazame jinsi walivyouziana. Wawili walikubaliana kwa mdomo, kila mmoja akaandika katika kijitabu chake, wakaachana. Hawakutia sahihi wala hawakuita shahidi. Kesho yake makarani wao walikutana kulinganisha vitabu, na fedha zenyewe zililipwa baadaye, mara nyingi mwisho wa majuma mawili. Katika siku hizo bei iliweza kushuka, na mnunuzi akatamani kukana. Lakini kukana kulikuwa mwiko. Mwaka 1923 soko lilipopewa nembo yake, liliandikiwa kwa Kilatini maneno yenye maana hii: "Neno langu ndilo hati yangu."

Je, aliyeshindwa kutimiza neno lake alitendewa nini? Mhudumu alipanda jukwaani, akagonga kwa nyundo ya mti mara tatu. Kelele zote zikakoma. Ndipo alipotangaza jina la mtu yule, ya kuwa hawezi kulipa madeni yake. Tangu hapo hakuwa mwanachama tena. Hakupigwa wala hakutukanwa. Alitajwa jina mbele ya wenzake, na hayo yalitosha.

Mwaka 1986 biashara ya London ilianza kuhamia katika simu na kompyuta, na ukumbi ukabaki mtupu. Huko New York desturi kuu ni kengele ya shaba, iliyoanza kutumika mwaka 1903. Hata leo hupigwa saa tatu u nusu asubuhi na saa kumi jioni, ili wote wajue kwamba soko limefunguliwa au limefungwa, asiwepo wa kumtangulia mwenzake.

Soko la Nairobi lilianzishwa mwaka 1954, na madalali wake wa kwanza nao walikutana kwenye kahawa, katika Hoteli ya Stanley. Siku zile Waafrika na Wahindi hawakuruhusiwa kununua hisa, mpaka ulipopatikana Uhuru mwaka 1963. Leo karani na mkulima wa majani ya chai hununua hisa kwa simu ya mkono, bila kumwona dalali wao uso kwa uso.

Ahadi ni deni, walisema wazee wetu. Basi anayetaka kuweka akiba yake katika hisa asiulize bei tu. Na aulize pia neno la dalali wake lina uzito gani, na ni nani atakayegonga nyundo siku litakapovunjwa.